Ruhusa Tuliyoitoa Bila Kujua: Mhadhara Kuhusu Arifa za Kompyuta ya Nyumbani

Nimeombwa nizungumzie vile vijisanduku vinavyochomoza pembeni mwa skrini ya kompyuta, na namna ya kuvinyamazisha. Naanza na jambo ambalo baadhi yenu mtaliona gumu kulikubali. Vingi kati ya vijisanduku hivyo si virusi, wala havikuingia kwa nguvu. Viliomba ruhusa, na mtu wa nyumbani akavipa. Pengine ni kijana aliyekuwa akisaka mechi ya bure, pengine ni baba aliyekuwa na haraka ya kusoma habari, pengine ni mgeni aliyeazima mashine kwa dakika chache. Alibofya mara moja akaendelea na shughuli zake, na ruhusa ile ipo hadi leo. Nitakayoyasema yanahusu jinsi ya kuifuta, na kwa nini inafaa kuifuta.

Nalisema hili mapema kwa sababu naona fedha za watu zikipotea bure. Mtu anaona matangazo ya kubeti, dawa za kupunguza mwili na maonyo ya virusi yakimiminika kwenye skrini. Anaibeba mashine hadi kwa fundi, na fundi anamwambia ipigwe Windows upya. Inapigwa kweli, picha za harusi zinakwenda na maji kwa kuwa hazikuhifadhiwa kwingine, na baada ya muda matangazo yanarudi, kwani aliyebofya ile ruhusa ya kwanza amebofya tena. Mafundi wazuri tunao, na wana kazi zao. Hii si mojawapo. Mwenye mashine anaweza kuifanya mwenyewe akiwa amekaa mezani kwake.

Turudi nyuma kidogo, maana mambo haya yana historia na historia hiyo inatufundisha kitu. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilitangaza JavaScript, lugha ya programu iliyoiwezesha tovuti kuamuru mambo yatendeke ndani ya kivinjari cha msomaji. Mojawapo lilikuwa kufungua dirisha jipya. Katika miaka hiyo hiyo ya tisini, Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod huko Marekani, aliandika msimbo wa kufungua dirisha lenye tangazo ndani yake. Tripod iliwapa watu kurasa za bure waandike watakayo, na kampuni moja ya magari ilikuwa imechukizwa kuona tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Dirisha la pembeni likaonekana kuwa njia ya kutokea: tangazo lipo, lakini halijashikamana na ukurasa. Mwaka 2014 Zuckerman aliandika katika jarida la The Atlantic akaomba radhi kwa kazi ile, akieleza kuwa nia yao ilikuwa njema. Mimi namwamini. Na namheshimu kwa kuwa aliutaja mzizi wenyewe, yaani uamuzi wa kuendesha intaneti kwa fedha za matangazo, ambao ulifanya macho ya msomaji yawe ndiyo bidhaa.

Madirisha hayo yalisumbua dunia nzima kwa miaka kadhaa. Kivinjari cha Opera kilitangulia kuyazuia, vingine vikafuata, na Agosti 2004 Microsoft ilitoa kifurushi cha pili cha maboresho ya Windows XP, ambacho kilikipa Internet Explorer kizuizi cha madirisha. Kifurushi hicho hicho kilizima huduma nyingine ambayo wachache wanaikumbuka sasa, iliyotengenezwa ili msimamizi wa mtandao wa ofisini awapelekee wafanyakazi ujumbe mfupi. Watangazaji walikuwa wamegundua kuwa wanaweza kuitumia kupitia intaneti, na mwaka 2002 na 2003 watu majumbani walikuwa wakitokewa na kisanduku cha kijivu katikati ya skrini hata kama hawajafungua kivinjari. Chombo cha kumsaidia mtumiaji kiligeuzwa kuwa chombo cha kumsumbua.

Jambo hilo limejirudia. Aprili 2015 Google Chrome toleo la 42 lilianza kuziruhusu tovuti kutuma arifa hata pale msomaji anapokuwa ameshaufunga ukurasa, na Firefox ikafanya hivyo mwanzoni mwa 2016. Nia ilikuwa nzuri kabisa. Barua pepe ikiingia uarifiwe, mkutano ukikaribia ukumbushwe, bila kulazimika kuiacha tovuti wazi mchana kutwa. Sharti likawekwa kwamba tovuti iombe kwanza, na mtumiaji achague Ruhusu au Zuia. Kwenye karatasi sharti hilo linatosha. Tatizo ni kwamba kila tovuti, ya maana na ya ovyo, ilianza kuomba mara tu mtu anapoingia, kabla hajasoma hata mstari mmoja.

Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walipima hali hiyo. Katika mwezi mmoja, kuanzia mwishoni mwa Desemba 2018 hadi mwishoni mwa Januari 2019, toleo lao la majaribio liliwaonyesha watumiaji maombi ya namna hiyo yapatayo milioni 18. Yaliyokubaliwa hayakufika asilimia 3, na karibu asilimia 19 yaliwafanya watu waondoke kwenye tovuti hapo hapo. Linganisheni na maombi ya kutumia kamera na maikrofoni, ambayo yalikubaliwa kwa takriban asilimia 85, kwa sababu anayeombwa kamera huwa ameshabofya kupiga simu ya video na anajua kwa nini anaulizwa. Kwa hiyo watu wanajua kutoa ruhusa wanapoelewa wanaombwa nini. Mwaka 2020 Firefox na Chrome zote zilianza kuyatuliza maombi haya, Firefox kwa kuyaficha mpaka mtumiaji aguse kitu, Chrome kwa kuyapunguza kuwa alama ndogo juu ya ukurasa kwa tovuti zinazokataliwa mno na kwa watu waliozoea kukataa.

Sisi tuliolelewa pwani tumefundishwa kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi alikotoka. Nilifurahi nilipojua kuwa Chrome nayo imewekewa kanuni inayokaribia hiyo: ukilifunga ombi la tovuti moja mara tatu bila kulijibu, kivinjari kinaizuia tovuti hiyo kuomba tena kwa muda. Walaghai wamepata njia ya kuizunguka. Ukikataa kwenye anwani moja, wanakusukuma hadi anwani nyingine inayofanana nayo, ambayo kwa kivinjari ni tovuti mpya, na maombi yanaanza upya. Hii ndiyo sababu mtakapofungua orodha ya tovuti zenye ruhusa mtaona majina yasiyosomeka, herufi na tarakimu zilizopangwa hovyo, mengine yakitofautiana kwa herufi moja tu.

Sasa niwaonyeshe kisanduku kimoja kwa karibu.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama ninayemheshimu sana, aliniita kwake. Nilipomsalimu hakumaliza hata kuitikia. “Marahaba, mwanangu, njoo uone, inasema kinga yangu imekwisha na nina virusi vitano. Wanataka nilipe leo leo.” Nikatazama. Chini kulia mwa skrini palikuwa na kisanduku chenye ngao nyekundu na jina la programu maarufu ya kuzuia virusi, na kitufe cha kuongeza muda. Kilikuwa kimechorwa vizuri, na mtu yeyote angeogopa. Lakini chini ya maandishi yale makubwa, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa na anwani ya tovuti, na kando yake jina la kivinjari. Nikamwomba avae miwani aisome kwa sauti. Aliisoma herufi moja moja, kwa kuwa haikuwa neno la lugha yoyote. “Mwalimu,” nikamuuliza, “programu hii uliwahi kuinunua?” Hakuwahi. Hata ndani ya kompyuta haikuwemo.

Tulipofuatilia tukakuta chanzo chake. Alikuwa ametafuta wimbo wa taarabu ya zamani, akafika kwenye ukurasa uliomwambia abofye Ruhusu ili kuthibitisha kuwa yeye si roboti. Alitii, kama anavyotii mtu muungwana anapoelekezwa. Ule haukuwa uthibitisho wa kitu chochote. Lilikuwa ombi la kutuma arifa lililovikwa nguo nyingine, na hila hiyo imeenea mno katika tovuti za kupakua nyimbo na filamu na zile za kuonyesha mpira bure. Kijisanduku halisi cha kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu hukaa ndani ya ukurasa na kukutaka utie alama au uchague picha. Hakihitaji kamwe ruhusa ya arifa.

Kama angebofya kile kitufe cha kuongeza muda, mojawapo ya mambo mawili lingetokea. Ama angepelekwa kununua programu ya kweli, huku mtuma arifa akilipwa kamisheni kwa kumtisha, ama angefunguliwa ukurasa unaojaza skrini yote, wenye king’ora na namba ya simu ya watu wanaojiita mafundi wa Microsoft. Microsoft wamesema wazi kwamba ujumbe wao wa hitilafu na maonyo hauna namba ya simu. Mkiuona ukurasa wa namna hiyo, msipige simu. Bonyezeni kitufe cha Esc na kukishikilia mpaka skrini irudi kawaida, kisha fungeni kivinjari. Kikikataa, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua orodha ya programu zinazoendeshwa, mkichague kivinjari na kukisimamisha. Kikifunguliwa tena na kuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataeni.

Nieleze kidogo kinachotendeka ndani, kwa sababu anayekijua hababaiki. Mtu anapobofya Ruhusu, tovuti huacha programu ndogo ndani ya kivinjari, na kivinjari hupata anwani ya pekee kwenye seva za watengenezaji wake. Tovuti hupeleka ujumbe kwenye anwani hiyo, seva huusukuma hadi kwenye kivinjari chako, na kivinjari hukabidhi Windows kisanduku cha kuonyesha. Chrome inaweza kuendelea kufanya kazi kichinichini hata baada ya kufunga madirisha yake yote, ndiyo maana arifa zinakuja wakati mtu anaandika barua tu. Na ndiyo maana programu ya kuzuia virusi ikipekua diski haipati kitu: kila kilichopo kiliruhusiwa. Kufuta historia ya kurasa hakusaidii, maana ruhusa haikai humo. Na kile kialama cha X kwenye kisanduku kinaondoa ujumbe ule mmoja tu.

Kwa hiyo nendeni kwenye orodha yenyewe. Katika Chrome, bofyeni vile vidoti vitatu juu kulia, ingieni Mipangilio, kisha Faragha na usalama, kisha Mipangilio ya Tovuti, kisha Arifa. Wenye kompyuta ya Kiingereza watatafuta Settings, Privacy and security, Site settings na Notifications kwa mpangilio huo huo. Hapo mtakuta tovuti zote zilizoruhusiwa. Someni jina moja moja. Msilolijua, bofyeni vidoti vilivyo kando yake na kuchagua Zuia. Nasema Zuia makusudi, kwa kuwa ukiiondoa tu kwenye orodha inaweza kuja kuomba tena. Halafu pandeni juu ya ukurasa huo huo na kuchagua kwamba tovuti zisiruhusiwe kuomba kabisa. Uamuzi huu ndio wenye uzito kuliko yote niliyoyataja, hasa katika nyumba yenye watoto, kwa kuwa unaliondoa swali lenyewe kabla halijamfikia mtu asiyejua jibu. Microsoft Edge ina orodha ya namna hiyo kwenye ruhusa za tovuti. Firefox wanaiweka chini ya faragha na usalama, pamoja na kisanduku cha kutia alama ili maombi mapya yazuiwe, na wenye Mac wataikuta katika mipangilio ya Safari, sehemu ya tovuti.

Kuna kundi la pili la arifa, nalo halitoki kwenye tovuti yoyote. Ni Windows yenyewe inapokushauri ukamilishe kuandaa kompyuta uliyoinunua zamani, au ujaribu huduma fulani ya kulipia. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingieni sehemu ya mfumo, kisha arifa. Katika Windows 11 shukeni hadi mwisho kabisa wa ukurasa, mfungue mipangilio ya ziada. Mtaona visanduku vitatu vilivyotiwa alama, vyote vya mapendekezo na makaribisho. Ondoeni alama zote tatu, hakuna kitakachoharibika. Sipendi kabisa kwamba mtu aliyenunua mashine kwa jasho lake ashuke hadi huko chini ili aachwe kwa amani, na nadhani watengenezaji walipaswa kuvileta visanduku hivyo vikiwa vitupu.

Kundi la tatu ni programu zilizopakiwa dukani au kiwandani, hasa zile za majaribio zinazokukumbusha kulipa. Hizi ziondoeni zenyewe kwenye orodha ya programu. Msiogope kubaki bila kinga, kwa sababu Windows 10 na 11 zina Defender ndani yake, na hujiwasha yenyewe programu nyingine ya kinga ikiondolewa.

Mtu ataniuliza, kwa nini basi tusizime zote mara moja? Kitufe cha kufanya hivyo kipo, juu kabisa ya ule ukurasa wa arifa za Windows, lakini siwashauri mkiguse. Arifa ya Defender inayosema kitu kimezuiwa ni ya kweli, nayo inafaa kuonwa. Kompyuta kutaka kuwashwa upya baada ya maboresho ni jambo la kweli. Betri inayokaribia kuisha, hasa kwetu ambako umeme una tabia yake, ni jambo la kweli. Mwenye mikutano ya masafa anahitaji kukumbushwa. Arifa hizi ni chache, na ninataka zionekane, na hazitaonekana zikiwa zimezikwa chini ya matangazo.

Microsoft walijifunza hili kwa gharama. Windows Vista ilipotoka kwa umma Januari 2007, ilikuwa ikimsimamisha mtumiaji mara kwa mara kumuuliza kama kweli ameruhusu jambo fulani. Watu walichoka, wengine wakaizima kinga hiyo, wengine wakazoea kubofya ndiyo bila kusoma. Katika Windows 7, mwaka 2009, maswali yalipunguzwa. Mtu anayeulizwa kila dakika haongezi umakini. Anajifunza kukiondoa kisanduku kwa njia ya haraka, na mara nyingi njia ya haraka ni kukubali. Ndivyo arifa za kipuuzi zinavyomtengenezea njia tapeli: kwanza zinamzoesha mtu kutosoma, kisha inakuja moja inayomtisha akiwa ameshapoteza mazoea ya kutazama zile herufi ndogo za kijivu.

Na kuna suala la akili iliyotulia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walichapisha jaribio kuhusu arifa za simu. Waligundua kuwa mlio au mtetemo pekee uliwafanya watu wakosee zaidi katika kazi inayohitaji umakini, hata pale ambapo hawakuigusa simu. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake, walionyesha mwaka 2008 kuwa watu wanaokatizwa huongeza kasi ili kufidia, na hulipa kwa msongo na shinikizo kubwa zaidi. Mimi nafundisha watu wazima kutumia kompyuta, na ninaona kitu hicho hicho kwa macho. Mwanafunzi wangu mwenye umri mkubwa akitokewa na kisanduku katikati ya kuandika barua, anaondoa mikono kwenye kibodi. Anadhani amekosea yeye. Wengine huifunga kompyuta na hawairudii tena siku hiyo. Hili linaniuma kuliko matangazo yenyewe, kwamba mtu aliyejitahidi kujifunza anafanywa ajione mjinga na kitu ambacho hakina uhusiano wowote na alichokuwa akikifanya.

Wanaotumia intaneti ya simu nyumbani wana sababu nyingine. Kisanduku chenyewe ni kidogo, lakini kikibofywa, hata kwa kidole kuteleza, kinafungua ukurasa wenye video inayoanza kucheza yenyewe, na bando linaliwa.

Sheria za nchi zetu zimeshaanza kusema neno juu ya ridhaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ile ya Kenya inaeleza kuwa aliyeridhia anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Matapeli niliowataja hawatazisoma sheria hizo. Lakini magazeti yetu, benki zetu na maduka yetu ya mtandaoni wana wajibu wa kuzisoma. Nawaomba wahariri na wasimamizi wa tovuti walio katika ukumbi huu wasimwombe msomaji ruhusa ya arifa anapofungua ukurasa kwa mara ya kwanza. Asome kwanza. Akiipenda kazi yenu, wekeni kitufe mahali anapoweza kukikuta, akibofye mwenyewe.

Kwenu wenye maduka ya kompyuta nina ombi mahususi. Mnapomkabidhi mteja mashine, hasa iliyotumika, ifungueni mbele yake. Mwonyesheni ile orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, iwe tupu. Zimeni maombi mapya, ondoeni alama kwenye vile visanduku vitatu vya Windows, futeni programu za majaribio, na mwonyesheni zile herufi ndogo za kijivu zinakaa wapi. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji kifaa chochote. Na walimu wa TEHAMA, ambao naona mmejaa safu za mbele, wiki ijayo wapeni wanafunzi zoezi hili kwa kompyuta za maabara, kisha waambieni walirudie nyumbani wakiwa wamekaa na bibi au babu, mkono wa mzee ukiwa ndio ulioshika kipanya.